Wafu wa Kibondo Wana Adabu

Siku ile filamu ilipooneshwa Kibondo kwa mara ya kwanza, mwenye banda la video aliisimamisha mara tatu. Mara ya kwanza alitoa diski akaipangusa kwa pindo la kanzu yake. Mara ya pili aliipaka dawa ya meno akaisugua kwa pamba, ujuzi aliopewa na shemeji yake wa Bagamoyo. Mara ya tatu alitugeukia sisi watazamaji, akaapa kwamba diski ni mpya, kaichukua Kasulu juzi kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba aliyempa atamtambua.

Mimi nilikuwa benchi la mbele nacheka hadi mbavu zinauma. Diski haikuwa na kasoro yoyote. Walioitengeneza filamu ile walitaka ionekane chakavu, kama zile filamu za kutisha za zamani zilizopigwa harakaharaka kwa vifaa vya kuungaunga, zikazungushwa kwenye kumbi za hovyo mpaka mkanda ukachoka. Kwa hiyo waliijaza michirizi makusudi. Rangi zinaruka, sauti inatangulia mdomo, na pale daktari alipofungua mlango wa chumba cha maiti, picha ikaungua katikati na kubaki weupe mtupu. Ilipozinduka, daktari yuko juu ya pikipiki, kampakia mtawa, hospitali inateketea nyuma yao, na hakuna anayekueleza walifikaje huko.

Nikasimama kueleza. Hiyo ndiyo tabia yangu mbaya, nikijua jambo siwezi kukaa nalo. Nikawaambia jamani, hawa watu wana kamera nzuri tu na mitambo ya kila aina, ila wamejifanya maskini kwa kuwaheshimu maskini wa zamani waliowafungulia njia. Kisha dereva mmoja wa bodaboda akauliza kutoka nyuma, kwa upole kabisa, "Madamu, yaani vifaa wanavyo, wanajifanya hawana?"

"Ndiyo."

"Basi waje huku, tuwafundishe."

Ugomvi uliofuata ulikuwa mkali zaidi. Filamu haikuwa na tafsiri, hivyo mwenye banda alishika kipaza sauti akatafsiri mwenyewe. Kiingereza hakukijua, lakini nyuso alizisoma vizuri, na wale mazombi akawaita misukule kwa kuwa hakukuwa na jina jingine la karibu. Sasa msukule kila mtu anamjua. Ni mtu aliyechukuliwa kichawi, ndugu zake wakazika mgomba wakidhani ni yeye, kumbe yuko kwa aliyemchukua, anamlimia shamba bila kusema neno. Hawa wa kwenye filamu walikuwa wanarandaranda mjini na kung'ata watu, hakuna hata mmoja mwenye jembe. "Msukule gani halimi?" akauliza msusi wa saluni ya sokoni, mwanamke mwenzangu pekee mle bandani. "Hao ni wavivu tu."

Nilikuwa nimepangiwa Kibondo mwaka 2013 kufundisha kemia, nikitokea Tanga, na nilifika nikiwa na begi la nguo na mapenzi ya siri. Watu wa heshima hupenda filamu zinazoliza. Mimi tangu utotoni nilipenda zile mbovu, ambazo maiti anakohoa, damu inaonekana wazi kuwa ni rangi, na jini kavaa saa ya mkononi. Nikiona saa ile nilifurahi kuliko kuona jini mwenyewe, maana nilijua kuna mtu mahali fulani alikuwa na haraka na furaha kubwa kiasi cha kusahau. Mama yangu aliamini ningeacha nikiajiriwa.

Chumba nilichopanga kilikuwa pembeni ya mji, na jirani yangu wa karibu alikuwa mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, kando kabisa ya njia yangu ya kwenda shuleni. Wiki ya kwanza nilimwamkia nikipita, "Shikamoo babu," huku miguu yangu inaendelea na safari. Akashtuka hata fimbo ikamdondoka. Ikabidi nirudi kumwokotea, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba nilichokuwa nakiita salamu Tanga kilikuwa ni chafya.

Kwa Waha, wenyeji wa Kibondo, humrushii mtu mzima neno huku unatembea. Unasimama mbele yake, unachuchumaa, unapiga makofi polepole kwa viganja vilivyokunjwa, unasema "Mwakeye," na yeye anaitika. Kisha anakuuliza umeamkaje, nyumbani wameamkaje, mama yako huko ulikotoka hajambo, mvua imefika, maharage yametoa maua. Kila swali linajibiwa, na hakuna anayeinuka kabla ya mkubwa kumaliza. Asubuhi ile nilifika shuleni gwaride limekwisha, na nikaandikishwa maelezo.

Msusi ndiye aliyenionya. Alikuwa ananisuka, kichwa changu kiko kati ya magoti yake, hivyo sikuwa na pa kukimbilia. "Madamu, yule mzee wa kule kwenu hasalimiwi."

"Kwa nini?"

"Goti lake ni bovu, mke hana, watoto wako mbali. Na shamba lake la maharage halina gugu hata moja. Nani anampalilia?"

Nilimwambia nimeona kwa macho yangu, maana kila alfajiri nikifungua dirisha namwona mzee mwenyewe, kakalia paja la mguu mzima, anajiburuta kati ya mistari na kijembe kifupi. Msusi akanivuta nywele kwa huruma. "Umeona alichotaka uone," akasema. Nikakasirika, na mimi nikikasirika nanyamaza, kwa hiyo nilinyamaza mpaka akamaliza kichwa kizima.

Tena jirani mmoja wa mzee alikuwa amekufa ghafla msimu uleule mke wa mzee alipokufa, na hilo likatosha. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemrushia jiwe. Watu waliacha tu kupita. Palikuwa na njia nyingine bondeni, ndefu na yenye matope, na mtaa mzima ukahamia huko.

Siku moja, baada ya maswali ya mama na mvua na maharage, mzee aliniambia kwa Kiswahili chake cha kupima maneno. "Mwalimu, mimi sina shida. Chakula ninacho. Shida ni hii tu, mtu apite hapa aseme mwakeye. Mwaka wa pili huu. Wewe umesema, lakini wewe ni mgeni. Nataka aseme mtu wa hapa." Nilikwenda shuleni nikafundisha chumvi na besi vibaya sana.

Nisijipambe. Filamu sikuianzisha kwa ajili yake. Niliianzisha kwa sababu lile neno la dereva wa bodaboda lilinikaa kichwani: kama watu wenye vifaa wanahangaika kujifanya hawana, sisi ambao hatuna kweli tuna kazi gani ya kujifanya? Sisi tungepiga tu. Nikamtafuta mpiga picha za harusi wa Kasulu, kijana mtaratibu ambaye kila harusi aliyopiga aliipambia mioyo inayoelea na njiwa wawili. Nilimweleza hadithi. Mazombi kumi na wawili wanatoka migombani asubuhi, wanaifuata nyumba ya pembeni ya mji, wanamla aliyemo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza njiwa tuwaweke wapi.

Mazombi walipatikana siku moja. Msusi alikuwa wa kwanza, maana bado alikuwa na kinyongo na mazombi wavivu, alitaka kuwaonesha kazi. Akaleta wenzake wa saluni, dereva wa bodaboda akaleta wenzake wa kijiweni, na mwenye banda akajitolea kuwa zombi mkuu kwa sharti kwamba asivue kofia. Nyuso tulizipaka unga wa muhogo uliochanganywa na majivu. Damu ilikuwa mawese, na hapo kemia yangu ikaniumbua, kwa sababu asubuhi za Kibondo zina baridi na mawese yaliganda videvuni kabla kamera haijawashwa. Mazombi wakaonekana wamekula maembe. Kuku nao waliwafuata nyuma wakidonoa unga uliodondoka.

Aliyekosekana ni mtu wa kuliwa. Kila niliyemwomba aliona ni mkosi kufa kwa mfano, ingawa kuwa maiti tayari hakukumsumbua yeyote. Tofauti hiyo mpaka leo siielewi. Mzee alisikia tukibishana njiani, akaniita. "Nyumba yangu iko pembeni ya mji," akasema. "Na mimi kukimbia siwezi. Watanila kwa urahisi."

Nilipowapelekea habari hiyo, mazombi wote kumi na wawili walikataa. Dereva alisema, "Madamu, hapo hapana, yule mzee ni noma." Nikawauliza kwa sauti yangu ya darasani: kwenye hadithi hii ninyi ni nani? Wafu, wakajibu. Mtu akishakufa, nikauliza, mchawi atamfanya nini tena? Wakatazamana. Niliona hoja inawaingia mmoja baada ya mwingine, kama vile imeandikwa ubaoni. Mwenye banda, ambaye hakuamini mambo hayo lakini alipenda hoja safi, akasema, "Kwa kweli hapo mwalimu ametumaliza." Tukakubaliana kesho yake asubuhi.

Mzee alikuwa kwenye kigoda tangu jua halijatoka, amevaa koti la harusi yake. Mpiga picha alisimama kando ya choo ili apate nyumba yote. Nikapiga makofi, na mazombi wakatoka migombani, mikono mbele, vichwa vimelala upande mmoja, wanakoroma. Walikuwa wazuri mno, na nywele zilinisimama. Walikuja hatua ishirini, hatua kumi, hatua tano. Walipofika mbele ya mzee, wakasimama.

Msusi alikuwa wa kwanza. Mikono yake ilishuka, magoti yakakunjika, akachuchumaa na kupiga makofi polepole. "Mwakeye," akasema. Nyuma yake wakashuka wengine, mstari mzima wa wafu umechuchumaa vumbini, makofi yao yanalia kwa pamoja. Mwenye banda, ambaye si Muha, alitazama kulia na kushoto, akavua kofia yake na kuinama.

"Simamisha," nikapiga kelele. "Mazombi hawasalimii. Mmekuja kumla."

Wakarudi migombani kwa aibu. Tukaanza upya. Mikono mbele, vichwa upande, koromo, hatua ishirini, kumi, tano, na chini wakachuchumaa. Mara ya tatu nilikwenda kusimama karibu kabisa, nikawa nanong'ona ninyi ni wafu, ninyi ni wafu, na dereva wa bodaboda akanijibu bila kuinuka, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la wazi, "Madamu, mzee yuko mbele yetu."

Hapo hasira zikanipanda, na nikasema ambalo nilikuwa nimelibana kwa miezi. "Mzee huyu huyu ana mwaka wa pili hamumsalimii. Leo ndiyo mmeona yuko mbele yenu?"

Mawese yalikuwa yameanza kuyeyuka kwa jua na kumtiririka msusi shingoni. "Tulikuwa tunapita njia ya chini," akasema. "Huku hatukufika. Mtu ukifika mbele ya mkubwa, utapitaje?"

Nilielewa kosa langu, na lilikuwa kosa la mgeni. Nilidhani watu hawa wameacha kumheshimu, kumbe hawakuwa na uwezo wa kukutana naye uso kwa uso bila kumsalimia, na ndiyo maana walitembea kwenye matope muda wote ule. Hadithi yangu mimi ndiyo iliyowaleta mbele yake.

Mzee hakutusikiliza. Alikuwa ameshaanza kuitika. Alimuuliza msusi mama yake ameamkaje, na kidonda cha mguu kimepona, na yule mtoto wa dada yake aliyekuwa hatembei, anatembea? Anatembea, babu. Akahamia kwa wa pili. Alimjua kila mmoja chini ya unga, na ukoo wake, na kona ya shamba lao ambayo maji hutuama. Alikuwa na maswali ya misimu minne na hakuacha hata moja. Kufika kwa zombi wa saba betri ya kamera ikaisha, na mpiga picha akaniambia kwa adabu kwamba ana harusi Kasulu.

Nilikuwa na picha za kutosha kwa filamu nzima. Lakini mzee alinishika mkono wakati tunaondoka, akaniuliza, "Mwalimu, hao watakuja tena kunila kesho?"

Nikadanganya. Nilisema haikutoka vizuri, itabidi turudie. Mpiga picha alishapanda basi na kamera yake, kwa hiyo kesho yake nilisimama kando ya choo na simu yangu, ambayo ilikuwa imejaa na isingeweza kurekodi hata nzi. Wakaja, wakakoroma, wakachuchumaa, wakaulizwa habari. Nikasema mwanga umekuwa mwingi, turudie. Keshokutwa nikasema mwanga umekuwa kidogo. Siku ya nne kuku aliingia kwenye picha. Siku ya tano msusi alinijia pembeni akatazama kioo cha simu, ambacho kilikuwa kimezimika kabisa, kisha akanitazama mimi. Alirudi migombani na nikamsikia anawaambia wenzake, "Tujipange, madamu anasema tena."

Filamu ilipokamilika ilikuwa fupi kuliko kipindi cha kemia. Mpiga picha aliiunganisha Kasulu na kuirudisha kwa basi, na bila kuniuliza akaweka njiwa. Tuliionesha mchana wa Jumapili, banda limejaa mpaka dirishani. Nilikaa nimejikunyata nikisubiri kicheko pale wafu wanapochuchumaa. Hakuna aliyecheka. Waliona ni sawa kabisa, na baadaye mama mmoja aliniambia kwamba filamu ya wale Wazungu ilimchukiza kwa hilo hasa, wanaingia kwenye nyumba za watu wanang'ata tu. Walichokisema kwa ubaya ni kwamba damu ilifanana na mboga.

Mzee hakuja kuangalia. Alisema anajua inavyokwisha.

Baada ya hapo sikuwa na uongo mwingine wa kuwaita. Jumatatu niliamka mapema kuliko kawaida, nikafungua dirisha na kujiambia kwamba natazama hali ya hewa. Mzee alikuwa kwenye kigoda. Saa kumi na mbili na nusu watu walianza kushuka mjini, na nikawaona kwa mbali wakikata kushoto, njia ya chini, mmoja, wawili, kundi la wanawake na ndoo zao. Nilijiona mjinga niliyecheza na mzee wa watu kwa wiki nzima, nikampa kitu kisha nikakichukua. Nilikasirika hadi nikashindwa kufunga vifungo vya blauzi.

Kisha msusi akatokea njia ya juu, peke yake, na kikapu cha rasta begani. Alikuwa anatembea harakaharaka, kama mtu aliyejiambia asifikirie. Uso wake ulikuwa mkavu, umeoshwa, hauna unga. Alipofika mbele ya kigoda alisimama, akatua kikapu chini, akachuchumaa na kupiga makofi.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mzee hakuitika papo hapo. Alimtazama kwanza, akageuka kutazama choo, nilikokuwa nasimama na simu, akaona hakuna mtu. Kisha akaweka mikono yake miwili juu ya mikono ya yule dada na kuanza kumuuliza, mama yako ameamkaje, na alikuwa analia huku anauliza, na msusi alijibu kila swali mpaka la mwisho bila kuinuka.